Bima ya Babu na Saa ya Mnara

Nyumbani kwetu hakuna anayeniita kwa jina langu. Wote huniita Kulikoni, na kosa ni langu mwenyewe, maana hilo ndilo neno nililolipenda tangu nilipoanza kuongea. Maji yakikatika, kulikoni? Mgeni akichelewa, kulikoni? Babu husema nilimwuliza hata daktari wa meno, kidole chake kikiwa bado mdomoni mwangu.

Kila siku nikitoka shule huvua viatu, hunawa mikono, kisha huenda moja kwa moja chumba cha mbele, ambako Babu hutengeneza saa. Babu ni baba yake Mama. Meza yake iko dirishani, imejaa mikebe ya skrubu na bisibisi nyembamba kama njiti za kiberiti, pamoja na kile kioo cheusi cha kukuzia anachokibana kwenye jicho moja. Mimi huuliza, yeye hujibu, na hapo katikati saa za watu hupona.

Jumatatu moja nilimkuta hafanyi kazi. Alikuwa ameshika barua na uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Kulikoni, Babu?"

"Kaa nikuambie. Unaikumbuka ile saa ya mnara?"

Nani asingeikumbuka! Nilikuwa nimesimuliwa habari zake mpaka nikazikariri. Alipokuwa kijana, Babu alifunga saa kubwa juu ya mnara wa shule moja iliyo mwendo wa saa tisa kwa basi. Sasa mwalimu mkuu wa huko alikuwa ameandika kwamba saa imesimama mwaka wa pili. Mafundi wawili walijaribu wakaambulia patupu. Mishale ilikuwa imegandia saa nne na nusu, na wanafunzi walikuwa wanatania kwamba shuleni kwao ni mapumziko tangu asubuhi mpaka jioni. Walikuwa wanamwomba Babu aje aitazame.

Mama aliporudi kazini akaisoma barua ile akiwa bado amesimama. Mama ni muuguzi, na huwa anasoma kila kitu mpaka sahihi ya mwisho.

"Utaupanda huo mnara, Baba?"

"Mimi? Na magoti haya?" Babu akacheka, akajigonga goti.

Mama alimtazama kidogo. "Haya. Lakini huondoki hapa bila bima ya safari. Kila wiki napokea wagonjwa waliovunjika mguu mbali na kwao. Simu zinapigwa huku na huku, hakuna anayejua nani atalipa wala nani atamrudisha mtu nyumbani."

"Bima ya nini, mwanangu? Naenda kwa basi, siendi mwezini!"

"Bima, Baba," alisema Mama, na kwa sauti ile tulijua mjadala umefungwa. Kesho yake alileta vipeperushi vitatu kutoka ofisi ya bima iliyo jirani na hospitali, akanikabidhi mimi. "Wewe mwenye maswali, soma. Jumamosi mtakwenda wote wawili mkachague. Mimi niko zamu."

Jamani, nilivisoma vile vipeperushi kama hadithi! Cha njano kilikuwa cha bei nafuu kuliko vyote, lakini kilimlinda msafiri akiwa ndani ya basi tu. Akishuka, basi, kila mtu na lake. Cha bluu kilimlinda safari nzima: akiugua, akiumia, hata begi lake likipotea. Cha kijani kilikuwa kama cha bluu, ila kilimlinda pia mtu anayesafiri kikazi. Chini kabisa ya kila kimoja palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Nilichukua kile kioo cha Babu, nikakibana jichoni, nikayasoma hayo pia.

Ijumaa nilikuwa namsaidia Babu kufunga begi. Nilipoinua sweta zake ili nichomeke mswaki, niliona chini yake kitu kizito cha ngozi chenye pete za chuma. Ulikuwa mkanda wa kupandia mnarani.

"Babu, hii nayo kulikoni?"

Alikimbia kufunga mlango. "Shh! Saa ile haitengenezwi kutoka chini, mjukuu wangu. Mama yako akijua, safari imekufa. Hili ni letu wawili, sawa?"

Nilisema sawa. Nilitaka sana Babu aende. Tangu barua ile ije alikuwa anapiga mluzi kila asubuhi, na muda mrefu ulikuwa umepita bila kumsikia akipiga mluzi. Lakini chakula cha jioni kilinishinda, na Mama aliponigusa paji la uso kuona kama nina homa, niliangalia sahani.

Jumamosi tulifika ofisi ya bima mapema. Wakala alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Mezani kwake palikuwa na feni ndogo iliyopeperusha karatasi, na kila zilipotaka kuruka alizipiga kofi bila kuzitazama. Alituuliza tunataka bima gani, nami nikaanza.

"Basi likiharibika njiani je?"

"Cha bluu na cha kijani vinalipia mahali pa kulala."

"Na Babu akisahau miwani ndani ya basi?"

"Ukisahau mwenyewe hatulipi. Ikiibiwa, tunalipa, mradi umetoa taarifa polisi."

"Na akila kitu kikamsumbua tumbo?"

Wakala akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani. "Mzee, huyu mtoto umemtoa wapi? Watu wazima wanakuja hapa, wanatia sahihi bila kusoma hata mstari mmoja!"

Babu alivimba kwa fahari. Akapewa fomu, akanisukumia mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Nilijaza jina, umri miaka sabini na miwili, tarehe ya kwenda na ya kurudi. Nikafika swali la saba: madhumuni ya safari.

"Andika kutembelea marafiki," alisema Babu, akitazama feni.

Kalamu ilikuwa nzito ajabu. Niliandika, herufi zikaenda upande. Wakala akavaa miwani, akaanza kupitia majibu yetu, na mimi nilijua kabisa kwamba nikinyamaza tu tumepita. Lakini mdomo wangu mnaujua.

"Na mtu akianguka kwenye ngazi je?"

"Ngazi gani?" aliuliza wakala.

"Ngazi tu."

"Ya nyumba anayofikia?"

"Ndefu kidogo."

"Ndefu kiasi gani?"

Loo! Sijawahi kuulizwa maswali mfululizo namna ile. Wa kuuliza siku zote ni mimi. Nilimtazama Babu, Babu akanikata jicho, nikatazama meza.

"Ya mnara," nilisema.

Wakala aliweka kalamu chini. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Mzee wangu, unakwenda kupanda mnara?"

"Nakwenda kutengeneza saa yangu," alijibu Babu. "Nimeipanda tangu hujazaliwa!"

"Siwezi kukuzuia kusafiri. Kazi yangu ni kujua ninakatia bima kitu gani. Ukianguka kule, kampuni itatoa fomu hii, itasoma kutembelea marafiki, na haitalipa hata shilingi. Watu wako ndio watakaohangaika nawe." Akaigeuza fomu, akaweka kidole juu ya zile herufi zilizokwenda upande. "Na mwandiko huu ni wa nani?"

Babu aliutazama mwandiko wangu.

"Basi nikatie hicho cha kazi," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Mtu wa miaka sabini na miwili apande mnara, hakuna bima hapa itakayokubali. Hata cha kijani."

"Basi siendi!" Babu akasimama, kofia mkononi, akatoka.

Nilimkuta nje, amekaa kwenye benchi. Nilikaa kando yake na machozi yakaanza kunitoka. "Nimekuharibia safari, Babu. Nisamehe. Mdomo umeniponza."

"Nyamaza, wewe." Alinipa kitambaa chake, kilichonuka mafuta ya saa. "Nilikutuma uandike uongo, nawe hujawahi kuniandikia uongo hata kwenye kadi ya siku ya kuzaliwa. Mwenye kuomba msamaha hapa ni mimi."

Watu walipita na mifuko yao ya sokoni. Na mimi, hata nikilia, kichwa changu hakilali.

"Babu, hakuna mtu mwingine anayeweza kuipandia hiyo saa?"

"Hakuna anayeijua ndani."

"Kwa nini hakuna?"

"Sikumfundisha mtu."

"Kwa nini hukumfundisha mtu?"

Akaizungusha kofia yake mikononi. "Nilipenda kuitwa mimi," alisema. "Nilitaka ikisimama, wanikumbuke mimi tu."

"Sasa ukianguka, au ukizeeka kabisa, nani ataitengeneza?"

Babu alinigeukia, akanitazama kana kwamba nimemkanyaga mguu. Kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika. "Ama kweli uliitwa Kulikoni," alisema. "Twende ndani kabla hawajafunga."

Wakala alitukabidhi fomu mpya. Swali la saba lilinitaka nibane maneno ili yaenee: kuelekeza matengenezo ya saa, nikiwa chini, atakayepanda ni fundi wa huko. Wakala alisoma, akatufafanulia maandishi madogo mstari kwa mstari, akatukatia cha kijani. Alipokuwa akigonga muhuri alisema angependa kusikia habari za hiyo saa.

Jioni hiyo Babu hakusubiri hata Mama avue viatu. Alimweleza yote: mkanda, fomu, na kwamba alinishirikisha mimi kumficha jambo hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mvua ya maneno. Mama alikaa, akavuta pumzi.

"Mkanda niliuona jana asubuhi, nilipokunja sweta zako."

"Ukanyamaza?" Babu alishangaa.

"Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Nilijiambia nitasubiri mpaka usiku wa leo. Kesho ningeufungia kabatini, na ufunguo ningekwenda nao zamu." Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Nimebaki na mzazi mmoja tu."

Babu alimshika mkono.

Wiki iliyofuata meza ya dirishani haikuona saa ya mtu yeyote. Babu alichora saa ya mnara, kila gurudumu la meno na kila springi, ukurasa baada ya ukurasa, nami niliandika majina pembeni na kuuliza kila kimoja kinafanya kazi gani. Mara tatu maswali yangu yalimfanya apige makofi, "Ehe! Hiyo nilikuwa nimeisahau!" Alisafiri Jumatatu ya wiki ya pili na daftari lile ndani ya begi. Mkanda pia aliuchukua, kwa ajili ya kiuno cha mtu mwingine.

Alhamisi, nikiwa nimetoka tu shule, simu ya Mama ililia. Mama aliweka sauti juu ili tusikie wote wawili. Babu alituambia kwamba fundi wa huko ni kijana hodari, alipanda na daftari shingoni, akawa anashusha vyuma kwa kikapu, naye Babu anavisafisha chini akiwa kwenye kiti na kuvirudisha juu. Kisha akaguna.

"Babu? Kulikoni?"

"Ngazi ilikatika," alisema. "Kipandio cha tisa. Kilikuwa kimeoza kwa ndani, kwa nje kizima kabisa. Kijana alining'inia kwenye mkanda, akashika ukuta, akashuka salama, anacheka. Yeye ana mikono ya chuma." Sauti yake ilipungua. "Mimi siku zote mkanda nilikuwa naufunga nikishafika juu. Kupanda nilipanda hivihivi."

Mama alikaa polepole kwenye kiti cha Babu.

"Sasa nyamazeni," alisema Babu. "Sikilizeni."

Tulisikia upepo, tukasikia watoto wengi wakinyamazishana. Halafu kengele ya saa ikapiga, nzito, mara nne, kwa kuwa ilikuwa saa kumi ya jioni, na watoto wakapiga kelele za furaha mpaka simu ikakwaruza. Babu alikuwa analia, wala hakuficha.

Alirudi Jumapili, mzima, begi lake zima. Kwenye meza ya dirishani aliweka kipande cha mti kilichooza, kile kipandio cha tisa, na mpaka leo kiko hapo, si kwa mapambo bali kwa kumbukumbu. Nilikitazama, nikaitazama na karatasi ya bima iliyokuwa bado ndani ya bahasha.

"Mama," nilisema, "Babu hakuumia, begi halikupotea, basi halikuharibika. Kwa hiyo bima hatukuitumia. Si tumeipoteza bure?"

Babu alicheka, lakini Mama alinivuta kando yake.

"Karatasi isingezuia kipandio kukatika," alisema. "Kazi yake ni kutusaidia baada ya ajali, na nafurahi haikufika huko. Lakini ili tuipate, ilibidi mjibu swali moja kwa ukweli. Mlipolijibu kwa ukweli, Babu yako akabaki chini kwenye kiti. Kwa hiyo, mwanangu, soma kila karatasi kabla ya kutia mkono, uliza usichokielewa, na ukiulizwa wewe, sema kweli hata kama inakuumiza."

"Na mkanda?" nikauliza.

"Nimemwachia yule kijana," alijibu Babu. Akabana kioo chake jichoni, akavuta mkebe wa skrubu. "Saa ikisimama tena, ataitwa yeye."

Akaanza kupiga mluzi.