Mgeni wa Redioni

Ndani ya barakoa ya oksijeni kulinuka udongo uliolowa mvua. Dewitt Sorley aliivua, akainusa, akaivaa tena. Huku kwetu, jangwa la California, mvua ni habari ya kusimuliana, na ziwa tunalorushia ndege ni kavu, jeupe na gumu kama sakafu. Fundi aliyekuwa akimfunga mikanda alimwuliza kama kuna tatizo.

"Hamna," Dewitt alisema, kwa ile sauti ya marubani wetu, ya kuvuta maneno kama mtu aliyeamshwa usingizini na hana haraka ya kwenda popote.

Sauti hiyo walikuwa nayo wote. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, ndege za kivita za jeti zilikuwa ngeni hata kwa waliozibuni, na kazi ya wanaume hawa ilikuwa kuzikimbiza mpaka zikatae, kisha warudi kusema zimekatalia wapi. Injini ikizimika, bawa likitetemeka, moto ukiwaka nyuma ya kiti, redioni unasema, "Hapa kuna kajambo kadogo." Aliyepaza sauti alichekwa mpaka akaomba uhamisho. Basi wote wakawa wanaongea namna moja, ukifumba macho humjui nani ni nani.

Asubuhi ile Dewitt aliielekeza ndege chini kutoka juu kabisa ili kupima kasi yake, na sisi tuliokuwa karibu na redio tukamsikia akiuliza, "Una hakika?" Sauti kama yake ikajibu, "Hakika, ndugu yangu. Nafasi ipo. Endelea." Tukatazamana, maana hakuna kati yetu aliyefungua kinywa. Kisha moshi mweusi ukasimama katikati ya ziwa.

Jioni watu walikusanyika nyumbani kwa marehemu. Kulikuwa na nyama ya kuoka, saladi ya viazi na wiski. Marubani walisimama sebuleni na glasi zao, wakafanya wanachofanya siku zote mwenzao akifa: wakamtafutia kosa.

"Alichelewa kuvuta usukani," mmoja alisema. "Mimi ningevuta mapema."

"Kosa lake," wengine wakaitikia.

Msiwaone wabaya. Wakikubali kwamba ndege inaweza kumwua mtu ambaye hakukosea, kesho atapanda nani? Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na hawa kilio chao walikigeuza lawama ili waweze kulala.

Ardith, mjane wa Dewitt, alikuwa amebeba sahani. Aliiweka mezani polepole, akamgeukia yule wa kwanza.

"Hebu rudia," alisema. "Rudia nikiwa nakutazama."

Yule rubani akainamia glasi yake. Ardith akamvuta jikoni Orrin Haugen, rafiki mkubwa wa mumewe, ambaye ndiye aliyepangiwa kurusha ndege ya pili, pacha wa ile iliyoanguka.

"Shemeji, mle redioni mna mtu," alinong'ona.

"Ardith, redio zina mwangwi."

"Mwangwi haukwambii endelea. Dewitt alianza kumsikia zamani. Kwanza harufu ya mvua, halafu mtu anamwambia mambo ni mazuri. Leo kwa sauti ya Verlon mwenzenu, kesho kwa sauti yako. Alikuwa akilala amenishika mkono kama mtoto."

"Mbona hakutuambia?"

"Angewaambia, mngefanyaje?"

Orrin alitazama sakafu. "Tungemcheka."

"Basi ndiyo hivyo. Nyote mnaongea kama wafu, naye amekuja akaona hapa ni kwao."

"Nikikataa kupanda, atapandishwa Verlon."

"Sijakwambia ukatae." Ardith alimshika kola kwa hasira, bila machozi. "Nakwambia hivi: kitu kile hakina mke, hakina mwili, hakina cha kupoteza. Ndiyo maana kinaongea kwa utulivu. Likumbuke hilo ukiwa juu."

Hakuna aliyetamka neno jini nyumbani mle. Wao ni watu wa injini na vipimo. Mimi natamka, kwa sababu sina cheo cha kupoteza.

Orrin alipanda alfajiri, kabla upepo haujaamka. Verlon Kamps, rubani mwenzake, angemfuata kwa ndege nyingine, na msije mkadhani ni kwa ajili ya urafiki. Ziwa lile halina mti wala jiwe. Ukilitazama kutoka juu huwezi kujua kama liko mbali au liko puani, kwa hiyo rubani anayeshuka hutegemea mshale wa kimo na macho ya mwenzake pembeni. Ukivuta usukani mapema, kasi ikiwa bado kubwa, mabawa yanang'oka. Ukichelewa, yatakukuta ya Dewitt.

"Ukifa, lile gari lako nachukua," Verlon alimwambia walipokuwa wakitembea kuelekea kwenye ndege.

"Halina breki."

"Ndiyo maana siwezi kulinunua."

Huko juu mbingu ilikuwa karibu nyeusi. Orrin alisukuma pua chini. Ndege ikaanza kutetemeka, usukani ukawa mzito kama umepigiliwa misumari, na hapo harufu ya mvua ikamjaa puani na kooni, harufu nzuri, ya shamba la baba yake baada ya masika, akatazama mshale wa kimo akauona umesimama tuli ilhali weupe wa ziwa ulikuwa ukipanuka na kupanuka mpaka ukameza kioo chote, pasiwe na juu wala chini wala mbali, na shingoni, katika ndege yenye kiti kimoja ambacho nyuma yake hakuna ila chuma na mafuta, akahisi mtu akimpumulia.

"Vuta sasa," Verlon alisema redioni.

"Bado, ndugu yangu," Verlon alisema. "Ukivuta sasa mabawa yanang'oka."

"Verlon, wewe ni yupi?"

"Mimi hapa," zikajibu zote mbili, kwa mvuto uleule, kwa utulivu uleule, na Orrin akaelewa jinsi rafiki yake alivyokufa, akiwa amezungukwa na sauti za watu anaowaamini na hana hata alama moja ya kumjua aliye hai.

"Nani kati yenu anaogopa?" aliuliza.

"Hapa hakuna mwoga," moja ilisema. "Mambo ni mazuri."

Nyingine ikanyamaza. Verlon alijua mnara wote wa kuongozea ndege unasikia, kanali wa kambi anasikia, na kwamba mtu akishalitamka neno hilo halirudi tena mdomoni.

"Mimi naogopa," Orrin alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka ndani ya miwani. "Naogopa mpaka miguu haitulii. Verlon, nisaidie, bwana."

"Naogopa," sauti ikapasuka, mbaya, nyembamba, ya kitoto. "Naogopa tangu Dewitt, silali, sili, vuta Orrin, mama yangu, vuta."

Orrin akavuta kwa mikono miwili. Damu ikamshuka kutoka kichwani, macho yakaingia giza, na yalipofunguka tena ndege ilikuwa ikipita juu ya ziwa, chini sana, ikipeperusha vumbi jeupe nyuma yake.

Kanali Stroud, mkuu wa kambi, alimsubiri palepale aliposimamisha ndege.

"Mnara mzima umesikia maafisa wangu wawili wakilia kama watoto," alisema. "Umenitia aibu, Haugen. Hupandi tena."

"Tumelia tukiwa hai, afande. Dewitt alitulia vizuri sana." Orrin hakushuka kitini. "Mwambie fundi ajaze mafuta."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Kile kitu bado kimo humu, afande. Nikishuka mimi utampandisha nani? Mtoto wa nani? Jaza mafuta, kisha ukae wewe mwenyewe redioni."

Stroud alifungua kinywa kumkemea. Ndipo ile harufu ikamfikia, ya mvua, ikitoka ndani ya ndege iliyosimama juani. Akafunga kinywa, akampa fundi ishara, akaenda mnarani.

Safari hii jini halikungoja mteremko. Orrin na Verlon walipofika tu kule juu, likaja na sauti ya Dewitt, na hiyo ndiyo iliyomchoma Orrin zaidi ya yote.

"Orrin, ndugu yangu. Nimekukumbuka. Shuka taratibu, mambo ni mazuri."

Orrin alilia bila kujificha. "Verlon, upo?"

"Nipo. Naogopa."

"Mnara?"

Redio ilikwaruza. Kisha Kanali Stroud akakohoa, na alipoongea hakuvuta maneno. "Stroud hapa. Naogopa kila asubuhi mnaponiaga. Nimewazika wengi, na kila mmoja nilisema ni kosa lake."

"Ahsante, afande." Orrin akageuza kichwa nusu, kuelekea pumzi iliyokuwa shingoni mwake. "Na wewe uliyevaa sauti ya rafiki yangu. Unaogopa?"

Kioo kikaanza kuvuma, mikanda ikamkaza kifuani kana kwamba kuna mkono unaivuta.

"Sema. Ni neno moja tu. Hawa wamelisema, wana vyeo na mnara mzima unasikia. Sema."

"Na," sauti ya Dewitt ilianza. "Na," ikajaribu tena, kwa sauti ya Verlon, kisha ya kanali, kisha ya Orrin mwenyewe, na kila mara ikakwama palepale.

"Huwezi," Orrin alisema. "Basi teremka. Ndege hii ni ya waoga."

Pumzi ikaondoka shingoni mwake, na harufu ya mvua ikakatika. Akasukuma pua chini, akingoja Verlon amwambie lini avute.