Mbuzi wa Bi Mwantumu na Akili ya Barabara

Mti-magari haukuwahi kukosea. Gari likishamshusha mwenyewe mlangoni pake, mkono wa chuma uliinama polepole kama twiga anayekunywa maji, ukalikamata kiunoni na kulitundika juu kati ya wenzake, yakaning'inia pale kama mafenesi. Mwenyewe akilihitaji, huita tu, likachumwa. Chini ya miti hiyo, barabara ya mtaa wa Mikunguni, mjini Tanga, ilibaki pana na tupu, haina hata gari moja lililoegeshwa.

Aliyeubuni ni Mhandisi Sikudhani, binti wa Mzee Semkiwa, wala hakuubuni kwa majivuno. Utotoni alichomoka mbio kuufuata mpira, katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa nje ya nyumba yao, na la tatu likampitia mguuni. Mpaka leo anachechemea. Aliapa kwamba hakuna mtoto mwingine atakayefichwa na gari lililolala.

Basi barabara ilipokuwa wazi, magari-jiongoze yakawa yanapita kama upepo. Hayana dereva hayo. Yanaongozwa na Akili ya Barabara, bongo moja kubwa linaloona kila kiumbe cha mji, jongoo akiwemo, na kupiga hesabu ya kumkwepa. Ukitaka kuvuka, tembea tu, usisite: moja litapita mbele ya pua, jingine nyuma ya kisigino, na hakuna litakalokugusa. Mzee Semkiwa alikuwa akisema kwamba ukinyoosha kidole, litakukata kucha na kukuacha na nyama yako.

Lakini mzee huyo, mgane, dereva wa malori tangu enzi za usukani, alikuwa na lake moyoni. Ng'ambo ya barabara aliishi Bi Mwantumu, mjane mpika vitumbua. Zamani magari yalipojaa kandokando na yanayopita yakitambaa kama yanaomba ruhusa, wawili hao walikutana katikati kila asubuhi, wakaegemea boneti ya mtu, wakanywa chai na kusengenya mtaa mzima. Tangu miti-magari iote, Bi Mwantumu hakuvuka tena, na magoti ya mzee nayo yalikuwa yakitafuta visingizio.

"Litakupisha, jirani!" Mzee Semkiwa alimpigia kelele siku moja kutoka barazani.

"Mimi litanipisha," akajibu Bi Mwantumu. "Na moyo wangu utapishwa na nani? Nimekuwa kama kuku wa banda huku. Mwezi ukiisha nahamia Korogwe kwa mwanangu."

Mzee hakulala vizuri. Asubuhi akakata matawi ya mwarobaini, akayajaza kwenye toroli. Atasema ni ya mbuzi wa Bi Mwantumu. Akishafika ndipo atamwomba asihame, kama ulimi utakubali.

Alishika mipini, akasoma Bismillahi, akaingia barabarani. Alipofika katikati kabisa, gurudumu la toroli likachomoka na kubingirika zake.

Fyuu! Moja likapita kulia. Fyuu! Jingine kushoto. Kofia yake ikaondoka bila kuaga. Miguu ikagoma kwenda mbele, ikagoma na kurudi. Hapo mikono yake ikafanya jambo lake yenyewe, bila kumshauri: ilichukua matawi, ikatandaza mengine mbele ya toroli na mengine nyuma, kama alivyofanya kila lori lilipomfia njiani, ili madereva wenzake wajue mbele kuna gari bovu.

Magari yote yakasimama.

Kukawa kimya hata vitumbua vya Bi Mwantumu vikasikika vikichemka kwenye mafuta. Madirisha yakafunguka. Watu wakatoka mmojammoja, wakiiangalia barabara kama mto uliokauka ghafla. Bi Mwantumu naye akaja na sahani, akikanyaga taratibu kama anayepima kina cha maji.

"Dereva gani wewe unaharibikiwa na toroli?"

"Limechagua pa kufia, bibie. Lina akili kuliko mimi."

Hawajamaliza kucheka, Sikudhani akafika, jasho linamtoka.

"Shikamooni. Baba, umesimamisha nusu ya mji!"

"Marahaba. Si mimi mwanangu, ni majani."

Mhandisi akatazama kioo cha kiganjani mwake, kisha akacheka bila kutaka. Akaeleza: Akili ya Barabara ilijifunza kuendesha kwa kutazama picha za madereva wa kale wa huku kwetu. Hakuna aliyeifundisha habari za matawi. Imeyaokota yenyewe, kama mtoto anavyookota lafudhi ya bibi yake. Lakini sasa kioo kilikuwa kinauliza: *Kumbukumbu isiyo na kazi. Ifutwe?*

"Inabidi nifute, baba. Tangu tuanze, hapa hajagongwa mtu hata mmoja."

"Najua, mama, na nakushukuru kila siku. Lakini makaburini nako hagongwi mtu."

Sikudhani akauangalia mguu wake. Kidole kilikuwa juu ya kioo, hakishuki wala hakiondoki.

Wakati huohuo mbuzi wa Bi Mwantumu akachomoka kwenye kamba, akayafuata matawi yake. Akatafuna la kwanza, gari la mbele likasogea. Akatafuna la pili, na la nyuma likasogea. Watu wakaanza kurudi kuelekea majumbani.

"Mama, mshike mbuzi!" akapiga kelele mhandisi, na kabla mwenye mbuzi hajageuka, yeye mwenyewe akakimbia akichechemea, akamnyang'anya mnyama tawi mdomoni, akalirudisha barabarani. Magari yakatulia. Ndipo alipotambua alichokifanya. Mtaa mzima ulikuwa unamtazama, umebana kicheko.

Akabonyeza: *Isifutwe.*

Mzee Semkiwa akakohoa. "Hivi, Bi Mwantumu, huko Korogwe kuna majani ya mbuzi?"

"Yapo tele," akasema, akimwekea kitumbua mkononi. "Wa kuniletea ndiye hayupo."

Korogwe hakwenda mtu. Sasa watu wa Mikunguni hupeana zamu ya kukata matawi, mpaka mwarobaini wa Mzee Semkiwa umebaki kipara, na mbuzi amefungwa kamba fupi kwa usalama wa raia. Toroli bado lipo palepale katikati ya barabara. Sikudhani, aliyetengeneza miti ya chuma inayobeba magari, hupita kila asubuhi.

"Limeharibika nini, baba?"

"Gurudumu."

"Kazi ngumu hiyo," husema, akivuta kigoda na kumnyooshea Bi Mwantumu kikombe. "Tumsubiri fundi."