Balungi la Nereida

Asubuhi ya kwenda kupimwa damu, Yuridia aliamka na ladha ya balungi mdomoni. Balungi, jamani! Tunda ambalo halijaingia nyumba ile tangu apandikizwe figo, maana linapandisha dawa kwenye damu mpaka inageuka sumu, na wagonjwa wa figo wote pale mjini Guadalajara huonywa hilo kabla hawajatoka wodini.

Maabarani, Ulises mpima damu alitikisa kichwa. "Dawa iko juu tena, dada. Umekula balungi?"

"Sijala, kaka, naapa."

"Basi limejila lenyewe likakuachia harufu. Naisikia mpaka huku."

Figo alipewa na dada yake, Nereida, kwa moyo mweupe kabisa. Mwaka uliofuata Nereida akagongwa na basi, akafa. Na Fermin, aliyekuwa mchumba wake, akamwoa Yuridia, wakapata mtoto. Siku ya wafu, marehemu wanaporudi kula kwao, walimwandalia Nereida meza yake, picha, mishumaa, maua ya njano, tamale za moto za unga wa mahindi, kila alichopenda isipokuwa balungi, kwa kumwogopea mgonjwa. Basi marehemu kaja kula, kakosa tunda lake, na kamkuta nani? Mdogo wake, na figo yake, na bwana wake.

Tangu hapo ni maganda ya balungi chini ya mto, mbegu kwenye kitanda cha mtoto, na mchana mmoja mtoto kalala, Yuridia anakunja nguo, akasikia mtu anatafuna nyuma yake, taratibu, chwa, chwa, akageuka, hakuna mtu, na kutafuna hakukomi, harufu ikamjaa puani, akajishika shavu akakuta taya zinakwenda, ni yeye anayetafuna, na maji machungu yanamtiririka kidevuni wala mikono yake haijagusa kitu.

Wakamwita Bi Soledad, mganga wa mtaani.

"Mama, ataniua," Yuridia alinong'ona.

"Shh, anasikia. Ana wivu huyo. Mpeni chake ashibe, aende zake."

Akampangusa mwili mzima kwa majani machungu, wakajaza mabalungi mezani pa Nereida. Kulipokucha yalikuwa makavu, mepesi kama karatasi, na harufu imekwisha. Yuridia akalala siku nzima, hata mtoto alipolia hakuamka.

Wakarudi kupima. Ulises alipima, akapima tena.

"Dada, dawa unameza kweli?"

"Anameza mbele yangu," Fermin akajibu.

"Kwenye damu hamna hata chembe! Na dawa ndiyo inayouzuia mwili usijue kwamba figo ni ya mtu mwingine. Bila dawa, ungekuwa umeshaishambulia. Lakini hii inafanya kazi kuliko zamani. Utadhani imerudi kwa mwenyewe!"

Fermin akacheka kwa furaha mpaka machozi, akamsogeza mtoto ambusu mama yake. Mtoto alinyoosha mikono, akamtazama usoni, akapiga yowe, akajificha shingoni kwa baba.

Mwanamke alitabasamu tu, akashusha mkono wa shati.

"Twende, Mbavu," akasema.

Kicheko cha Fermin kikakatika. Ni Nereida peke yake aliyemwita jina hilo, wakiwa wawili.

"Njiani tununue balungi. Na huyo mtoto, mrudishe kwa mama yake."