Nyumba Imenukia Kiponda

Siku ile Salhiya alikwenda Darajani kununua mapazia, si kutafuta mchumba. Lakini ya Mungu mengi. Alisimama katikati ya zahama ya Jumamosi, baibui lake limeshika chokaa pindoni, mtandio wa zambarau unamteleza kichwani, naye kang'ang'ania jora la kitambaa cha rangi ya maziwa. Upande wa pili wa jora lile kashika mwanamume.

"Niachie, kaka. Nimeliona mwanzo."

"Nikuachie vipi, bibie, na duka ni langu?"

Salhiya akainua macho. Kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, kofia ya viua imekaa upande, macho yanacheka kabla ya mdomo. Haya ikamshika na kicheko kikamtoka papo hapo.

"Basi nipunguzie bei, maana ushanitahayarisha mbele za watu."

"Nitakupunguzia, na kuyatundika nitakuja mwenyewe. Jina langu Haitham. Nyumba iko wapi?"

"Kiponda. Lakini nnakwambia mapema, ngazi zake kama za kupandia paa."

"Kwa ajili yako hata mkarafuu naukwea."

"Toka hapa!" akasema Salhiya, na namba ya simu akampa.

Ngazi hizo ndizo zilizoleta yote. Magoti ya mama yake, Bi Nadra, yalikwisha kuzikataa, mama wa watu akawa kama mfungwa juu, dunia anaitazama dirishani. Kidichi walipata nyumba ya chini, ina uwa na mdalasini nyuma ya jiko, ila sharti ya Kiponda iuzwe kwanza. Dalali akawaambia ukweli: mnunuzi huanza kununua kwa macho na pua. Basi Salhiya akachukua likizo kazini. Akapaka kuta chokaa, akasugua misumari ya shaba ya mlango mkubwa kwa ndimu na majivu mpaka ikang'ara, akawatoa popo darini, nao hawakutoka kwa hiari.

Bi Nadra alimwekea sharti moja tu. "Nyumba haiuzwi kwa ngoma, mwanangu. Mtu asijue mpaka ishauzwa. Jicho la watu baya."

"Hata mtu mmoja, mama?"

"Hata paka."

Salhiya akaapa. Hakujua kwamba kesho yake tu simu italia na kiapo kitaanza kumwia kizito.

"Naam?"

"Nnalishona pazia lako hapa, naona limezidi. Nilikate?"

"Thubutu! Si ulipima mwenyewe?"

"Basi sikukupigia kwa sababu ya pazia."

"Umenipigia kwa nini?"

"Nisikie unavyogombeza. Nshakuzoea."

Simu zikawa za asubuhi na jioni. Wakala urojo pamoja, wakabishana juu ya pilipili, wakacheka mpaka muuzaji akawauliza wameoana lini. Haitham akamweleza habari zake zote: wazee wake wamefariki, kalelewa na shangazi yake, Bi Shemsa, na hapana jambo analolifanya bila yeye. Salhiya naye akamweleza yake yote, kasoro moja.

"Nyumba mnaihangaikia hivyo, kuna nini?" Haitham aliuliza siku moja.

"Kuna wageni Ijumaa."

"Wageni gani?"

"Wageni tu. Usinitie dhambini, nshaapa."

Alhamisi akaja kutundika. Yuko juu ya ngazi, nyundo mkononi, dirisha la ng'ambo likafunguka. Kichochoro cha pale ni chembamba, jirani na jirani hupokezana chumvi bila kushuka chini.

"Salhiyaa!"

"Naam! Shikamoo, Bi Tahiya."

"Marahaba. Chokaa mpya, shaba inametameta, mapazia, na mamako kaagiza halua ya kesho! Mie si mtoto, nshajua. Hongera, mwanangu!"

Moyo wa Salhiya ukaruka. Ya Allah, siri ya nyumba ishatoka! "Ahsante, Bi Tahiya. Lakini nifichie mpaka lipite."

"Ni watu wa kheri lakini?"

"Watu wa Mombasa, wana uwezo wao. Mungu akijaalia wataridhika."

Nyundo ikanyamaza. Haitham akashuka polepole, uso umemgeuka.

"Nshamaliza."

"Chai je? Na ujira wako?"

"Uwe tunza yangu kwako," akasema, akashuka ngazi zile bila kugeuka.

Jioni Salhiya akapiga simu. Haikupokewa. Akapiga tena, ikakatwa. Akalia kwa uchungu, akajiambia kumbe na huyu ni walewale, kaona nyumba kongwe na mama mgonjwa, kakimbia.

Ijumaa baada ya Alasiri wanunuzi wakafika, Bwana Abrahman na mkewe Ulfat. Juu udi unafuka, halua imepangwa, Salhiya katangulia mlangoni na chetezo mkononi, gauni la kijani limemkaa, macho mekundu. Mgeni hajavuka kizingiti, Bi Tahiya akafyatua kigelegele. Dirisha la pili likapokea, la tatu likapokea, kichochoro kizima kikarindima.

"Mashaallah! Washenga hao! Bwana harusi asichelewe!"

Bwana Abrahman, na upara wake, akamshika mkewe mkono. "Jamani, mie nimekuja kutazama nyumba tu!"

Ulfat alicheka mpaka akaegemea ukuta, chokaa ikamganda begani.

Salhiya akasimama na chetezo chake. Nyumba ikipakwa chokaa, ikavishwa mapazia, ikafukizwa udi, na ndani yake mna binti hajaolewa, Unguja nzima inajua maana yake. Angekuwa jirani, na yeye angepiga kigelegele.

"Mama, nnatoka!"

"Na wageni?"

"Haitham kadhani naposwa!"

"Haitham ndiye nani?"

"Wa mapazia!"

Bi Nadra akamtazama bintiye, akayatazama na mapazia yalivyoshonwa kwa mapenzi. "Nenda," akasema.

Darajani alimkuta anakunja kitambaa.

"Umefuata nini, bibi harusi?"

"Nimefuata mjinga mmoja! Nyumba inauzwa, Haitham. Wale ni wanunuzi. Mama alinikataza nisiseme, nikanyamaza kwa ajili yake. Wewe ulinyamazia nini? Mdomo wa kuuliza huna?"

Haitham akakaa juu ya jora. "Niliogopa jibu. Tangu jana nnakunja kitambaa hiki hiki kimoja. Nnakupenda, Salhiya. Nlikuwa nakusudia kumleta shangazi kwenu, nikaona nshatanguliwa."

"Basi mlete," akasema Salhiya, machozi na kicheko vimechanganyika, "kabla mapazia hayajashika vumbi."

Jumapili Bi Shemsa akazipanda ngazi za Kiponda na wazee wenziwe wawili. Haitham, kwa kuwa mposaji haendi kujiposea, akabaki barazani chini, kanzu nyeupe, kijasho chembamba. Simu ikalia.

"Umependeza," ikasema sauti. Pazia la juu likatikisika.

"Wamesemaje?"

"Bi Ulfat kainunua nyumba."

"Alhamdulillahi. Nnauliza ya kwetu!"

"Na ufunguo kasema hautaki mpaka harusi yetu ifanyike humu. Vigelegele vya siku ile anataka avione vikimaliza kazi."

"Mamako je? Salhiya, wacha kunitesa."

Dirisha la ng'ambo lilikuwa limefunguka, Bi Tahiya katoa kichwa, mkono tayari mdomoni.

"Bi Nadra! Leo ndiyo, au nitapiga tena bure?"

Bi Nadra akajikongoja mpaka dirishani, akalishika pazia kwa mkono wake mwenyewe, akaliweka kando ili kijana aliye chini amwone bintiye.

"Piga, mwenzangu."

"Si nlisema!" akasema Bi Tahiya. "Nlikosea siku tu, jambo sikulikosea!" Akavuta pumzi, akapiga.