Binamu Yangu Aliniibia Beringi, Nikaifuata Hadi Harusini Kwake

Nina miaka arobaini na moja, ni mama wa watoto watatu, na mume wangu alinipa talaka zamani. Naishi Msambweni. Haya ninayoyaeleza watu wa ukoo wetu hawataki yasemwe. Wao wanayaita utani. Mimi nayaita hiana, na nyinyi someni muamue.

Kazi yangu ni kubeba watoto wa shule kutoka Ramisi asubuhi na kuwarudisha jioni. Gari langu ni la zamani, lakini wazazi waliniamini kwa sababu sikimbizi na siondoki bila kuhakikisha kila mtoto yumo. Gari hilo ndilo lililotulisha tangu nilipoachika.

Fundi wangu alikuwa Hamadi, mtoto wa shangazi yangu, mwenye gereji Ukunda. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Anaweza kukucheka mbele za watu au kukuchukulia kuku, nawe ukicheka mambo yamekwisha. Mtani hakasirikiwi. Nililelewa hivyo, kwa hiyo alipokuwa akibadilisha breki nilimwachia funguo nikaenda zangu sokoni.

Baada ya hapo zikaanza kelele. Nikikata kona ya kushoto, kule nyuma kunasaga... grrr... kama kinu kinachozunguka bila mahindi. Nikikata kulia, kimya. Nikamrudia Hamadi. Akaliendesha kidogo, akasema ni vumbi la breki mpya, litaisha lenyewe. Kwa nini nisimwamini?

Halikuisha. Asubuhi moja, kwenye kona ya mashamba ya miwa, gari lilisaga mpaka watoto wakaziba masikio. Nikasimama. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa moto, haligusiki, na harufu ya kuungua imetanda. Nikawashusha watoto juani, wao wanalia. Gurudumu lile lingechomoka, ningewaambia nini mama zao?

Hamadi ndiye niliyempigia simu, akaja kuwachukua kwa gari lake ambalo ni aina moja na langu. "Usijali, binamu. Nitakubebea hawa mpaka gari lako lipone," akasema. Nikamshukuru kwa machozi. Nikampelekea na halua nyumbani kwake!

Kumbe alikuwa akiwaambia wazazi kwamba gari langu ni jeneza, kwamba alinionya nikakataa kusikia. Mmoja baada ya mwingine wakaniambia watoto watabaki kwa Hamadi. Hakuna aliyenitukana. Wengine hawakunitazama usoni, na hilo liliniuma zaidi.

Nikalipeleka gari kwa Mzee Bakari, fundi wa hapa kwetu, ambaye kabla ya Ramadhani alikuwa amenitilia beringi mpya, yaani chuma cha kuzungushia tairi, kwenye gurudumu lile lile. Akanieleza kwamba ukikata kushoto uzito wa gari unalalia upande wa kulia, basi kinacholia kiko kulia. Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akalizungusha kwa mkono, likasaga. Alipofungua akaniuliza ni nani mwingine aliyegusa hapa.

Mzee Bakari huchora alama ya patasi kwenye kila kitu anachokifunga. Beringi hii haikuwa na alama. Ilikuwa kuukuu, imeliwa, na haikuwa yangu.

Nikaenda Ukunda. Hamadi hata hakukana kwamba beringi yangu ameifunga kwenye gari lake. Alicheka. "Mbona wakasirika, Mwanasha? Mimi si mtani wako? Nimekutania tu." Nikaenda kwa shangazi, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza nikilia. Akaniambia mtani hashtakiwi, na nisiupasue ukoo kwa ajili ya kipande cha chuma.

Nikarudi zangu nyumbani... Lakini kama yeye ni mtani wangu, mimi si mtani wake?

Hamadi alikuwa anaoa kule Jego. Siku ya harusi, nikaha ilipokwisha, wanaume wakaketi kula pilau, na gari lake limepambwa riboni likimsubiri bibi harusi. Nikafika na Mzee Bakari na jeki yake. Tukafungua gurudumu la nyuma la kulia. Alama ya patasi ile pale! Beringi yangu nikaitoa kwa mikono yangu mwenyewe. Ile mbovu nikaifunga riboni, nikaiweka kwenye kiti cha bwana harusi. Gari tukaliacha juu ya mawe.

Watu wakajaa. Hamadi akatoka mbio na kanzu yake nyeupe, uso umemvimba. "Utani," nikamwambia. "Wakasirika nini?"

Ilimbidi acheke mbele ya wakwe zake. Sijapata kuona kicheko kichungu kama kile, na wallahi kilinifurahisha.

Baba wa bibi harusi akauliza maana ya chuma kile. Nikamweleza yote, taratibu, bila tusi hata moja. Akamgeukia mkwewe. "Na watoto wa watu walikuwamo ndani?" Hamadi akajaribu kucheka tena. Baba mtu akasema binti yake hatoki pale siku hiyo. Bwana harusi akarudi Ukunda peke yake, nyuma ya bodaboda.

Wazee walisuluhisha, na baadaye mke alikwenda kwake. Wazazi wa wanafunzi walisikia, wakanirudishia watoto wao. Lakini shangazi hanijibu salamu mpaka leo. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na jambo hilo linaniuma kila siku.

Wasomaji wenzangu, gari likisaga kwenye kona msikubali kuambiwa ni vumbi. Kaeni na fundi mpaka akaze nati ya mwisho, hata akiwa ndugu. Hasa akiwa ndugu! Na mtu akiifanya mila kuwa pazia la hiana yake, msicheke ili kumridhisha. Mimi nilichelewa kujua, na nusura watoto wa watu walipie.

Kila asubuhi nikipita na wanafunzi mlangoni kwa shangazi napunguza mwendo, namwamkia dirishani. Hajibu. Kesho nitamwamkia tena. Lakini Hamadi akija kuniomba radhi, atakuta nimefunga mlango.