Shemeji Asiye na Makelele

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, na mafeni yote yalizunguka bila kumpoza mtu. Jukwaani, Mwenyekiti wa chama cha kutetea wanawake, suti ya zambarau, mkufu wa lulu, alikuwa ameshika tuzo ya kioo. Ilikuwa inakwenda kwa kiwanda cha sare, kwa kuwa kiwanda hicho, tangu kijengwe, ndiyo kwanza kimempa mwanamke umeneja. Makofi yakapigwa. Meneja mwenyewe akainamisha kichwa kwa ule unyenyekevu wa mtu anayejua anapigwa picha.

"Kuna mwenye neno?" Mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya asiyetarajia neno.

Mkono ukanyanyuka safu za nyuma. Mwanamke mwembamba, miaka thelathini na kitu, gauni la kijani lenye kola ndogo, alilolishona mwenyewe na mshono wake huuoni hata ukiutafuta. Kiwandani walimwita Chaki. Alikuwa mkaguzi: kila nguo ilipita mezani kwake, na palipo na kosa alipachora duara jeupe, nguo ikarudi kwa aliyeishona.

"Hongera kwa tuzo," alisema. "Ila meneja huyu ndiye aliyetuletea kibao. Mstari mmoja una wanawake arobaini na kibao kimoja cha mbao. Bila kibao mkononi huendi chooni. Mwenzako akiwa nacho, unasubiri. Mjamzito anasubiri. Na nyinyi mmekuja kiwandani mara tatu, mara zote mmekunywa chai ofisini mkaondoka. Huo ufeministi wenu unapanda ngazi tu. Mmeshateremka lini?"

Mwenyekiti akamgeukia fundi wa vipaza sauti aliyekaa pembeni ya jukwaa, akapitisha kidole shingoni. Zima.

Fundi akainama, akajifanya anatafuta waya. Chaki akamaliza yote aliyokuwa nayo.

Kwenye msukumano wa kutoka, mtu akamgusa bega. Shati jeupe la mikono mifupi, bisibisi mfukoni, uso wa mtu aliyekula ndimu akaifurahia.

"Dada wa kijani, unajua niliambiwa nikukate?"

"Unikate nini?"

"Sauti."

"Mbona hukukata?"

"Nilikuwa sijamaliza kusikiliza."

Chaki akacheka, na cheko lenyewe likamshtua. Hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini. "Wewe fundi wa ukumbi huu?"

"Wa kiwanda chenu, leo nimeazimwa tu. Umeme, kule kwenye majenereta. Miaka sita."

"Mimi tisa. Na hatujawahi kuonana?"

"Tutaonana wapi? Nyinyi geti la mashariki, sisi la magharibi. Wametugawa kama nguo za kufua, nyeupe huku, za rangi kule."

"Na wewe ni zipi?"

"Mimi soksi iliyopotea mwenzake," alisema, na siku hiyohiyo Chaki akambatiza jina: Waya.

Jumatatu, wakati wa chakula, hakuna aliyekaa karibu na Chaki. Wanawake wa ofisini, waliokuwa wanachama, walimpita wakisema kwa kusikika: kibaraka wa wanaume, adui wa wanawake wenzake. Watu ni wepesi wa kusahau. Mwaka ule kiwanda kilipofukuza wajawazito kumi na mmoja kwa siku moja, ni adui huyuhuyu aliyepita mstari kwa mstari akikusanya sahihi mpaka saba kati yao wakarudishwa. Chama kilituma barua ya masikitiko. Ukurasa mmoja, na jina la kiwanda limekosewa.

Wanaume, wao, walianza kumsalimia kwa furaha. "Ndiye wewe! Umewapasha!" Mpakiaji mmoja alimpa mkono kabisa. "Tumechoka na haki sawa, haki sawa." Chaki akautazama mkono ule bila kujua aufanye nini. Waliomchukia hawakumsikia, na waliompenda hawakumsikia vilevile. Katikati yao alibaki yeye na bakuli lake la chakula.

Na Waya. Alimpigia simu kila mapumziko.

"Nakusikia kama uko ndani ya pipa," Chaki alimwambia. "Zima hilo jenereta."

"Nikilizima, laazizi, mstari wako wote utasimama."

"Basi zima, tupumzike."

"Nifukuzwe kazi kwa ajili yako?"

"Kwani umepanga kufukuzwa kwa ajili ya nani?"

Jumapili walitembea, yeye katika gauni la bluu la mikono mipana, Waya na viatu vilivyong'arishwa mpaka vikatia aibu barabara. Alikuwa mkarimu, alikuwa na maneno matamu, alijua kunyamaza panapotakiwa. Kwa mwanamke aliyezoea kula akitazama ukuta, hilo lilitosha kumfanya aache kuuliza maswali mawili matatu ambayo kwa nguo angeyauliza.

Mfano siku Waya, aliyekuwa pia katibu wa kamati ya wafanyakazi, alipompeleka kwa wenzake. Walikuwa sita, wote wanaume, wamekaa kwenye mabenchi nje ya karakana.

"Huyu ndiye shemeji yenu," akasema Waya kwa majivuno.

"Karibu, shemeji! Tumesikia sifa. Shemeji asiye na makelele!"

"Makelele gani?" Chaki akauliza.

"Haya ya wanawake wa siku hizi. Wewe una akili zako."

Wote wakacheka, Waya akiwazidi. Chaki naye akacheka, kwa kuchelewa, kama mtu anayefuata wimbo asioujua. Njiani alitaka kusema kitu, lakini Waya alimshika mkono, na mkono ulikuwa wa moto.

Mwezi uliofuata wanawake wa mstari wa saba waliandika madai mawili: kibao kiondolewe, na mjamzito apewe kiti. Aliyeyapeleka kwenye kamati ni Mama Pacha, mshonaji wa kola, mimba ya miezi saba. Ndiye pekee aliyekuwa bado anamwita Chaki shoga.

"Mwambie shemeji asiyaweke chini ya makaratasi," alimwambia.

"Waya? Huyo hawezi," Chaki akajibu, na moyo ukamjaa.

Wiki tatu baadaye muhtasari wa kikao ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo, kurasa mbili zilizochapwa. Mama Pacha akaja mezani kwa Chaki akipumua kwa shida, hakumwita shoga.

"Kasome."

"Nini?"

"Kasome, dada. Mimi sina la kukwambia."

Akaenda. Ukurasa wa pili uliandikwa hivi: uongozi umekubali wafanyakazi wa karakana, umeme na upakiaji kupumzika nusu siku ya Jumamosi. Kamati imeridhia madai ya mstari wa saba yaondolewe. Chini yake: *Madai haya hayawakilishi wanawake wote. Hata mkaguzi wa mishono, anayejulikana kwa msimamo wake, anapinga harakati za namna hii.* Sahihi, Katibu. Sahihi aliyoijua, yenye mkia mrefu.

Watu walianza kukusanyika nyuma yake. Chaki akasoma mara ya pili, polepole, kama anapitisha kidole kwenye pindo. Kisha akatoa mfukoni chaki ya bluu, ile ya nguo nyeupe, na kulizungushia duara neno moja: *anapinga*. Akarudi kazini. Mpaka jioni kiwanda kizima kilikuwa kimepita kulitazama.

Simu ikaita kabla hajafika kwake.

"Mpenzi, umenidhalilisha mbele ya watu."

"Nimeonyesha kosa. Ndiyo kazi yangu."

"Kosa gani? Si ulisimama ukumbini mwenyewe? Mimi si nilikuwepo? Nilikuacha useme!"

"Ulisikia nini, Waya?"

"Nilisikia unawaponda."

"Niliwaambia wateremke ngazi. Niliwaambia kuna wajawazito wanabana mkojo chini yao. Mtu anayepinga haki za wanawake ndivyo anavyosema?"

"Sasa ungesema hivyo vizuri..."

"Nilisema vizuri. Nguo nisiyoitaka siichori, naipita. Ninayoichora nataka irudi, ifumuliwe, ivaliwe. Kukosoa ni kutoa kosa. Wewe ukaandika kupinga, ukalitia jina langu, ukaenda kununua Jumamosi yako. Mama Pacha ameacha kuniita shoga."

"Chaki..."

"Uliponiacha niseme siku ile nilidhani nimempata mtu. Kumbe ulikuwa unachota maneno ya kukufaa."

Alikata. Kwa wiki mbili hakupokea. Alikula peke yake, na safari hii hata wanaume walipita bila kusalimia, kwani shemeji alikuwa amepiga makelele. Nyumbani alijikuta anaongea na pasi. Jioni moja alipita geti la magharibi kwa makusudi, akaona shati jeupe kwa mbali, akageuka haraka kama mwizi.

Kikao cha kamati kilichofuata kilianza, kama vikao vyote, na masahihisho ya muhtasari uliopita. Kwa kawaida ni dakika moja: herufi hapa, tarehe pale. Katibu akasimama na karatasi mkononi.

"Ukurasa wa pili," alisema. "Sentensi ya mkaguzi ni ya uongo. Niliitunga mimi. Hakuulizwa. Na madai ya mstari wa saba hayakuondolewa na wenyewe, tuliyabadilisha na Jumamosi yetu. Naomba yaandikwe hivyo."

"Kaa chini wewe," mmoja akafoka.

"Nitakaa yakishaandikwa."

Yaliandikwa. Ukatibu ukamtoka siku hiyohiyo. Lakini muhtasari mpya ulibandikwa, na asubuhi iliyofuata wanawake wa mstari wa saba waliweka kibao juu ya meza ya meneja, wote arobaini, wakarudi kwenye mashine. Mistari mingine ikafuata. Mwisho wa wiki hakikuwepo kibao kiwandani. Viti vya wajawazito vililetwa vinne. Chama kikatoa taarifa ya kujipongeza.

Mama Pacha alimwita Chaki shoga tena, siku moja kabla ya kuanza likizo ya uzazi. Wengine walimsalimia kwa kichwa. Hakuna aliyehamia mezani kwake.

Jumapili alasiri Waya akabisha. Chumba kilikuwa kimoja, ghorofa ya tatu, kitanda, cherehani, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Waya alivaa suruali mpya ambayo pindo lake, Chaki aliona mara moja, lilikuwa refu mguu wa kulia. Akatamani kupiga magoti alipinde. Akakaa.

"Umekonda," Chaki alimwambia.

"Umeniacha, ninenepe na nini?"

Akacheka bila kutaka. Waya akapata nguvu, akasogea. "Nimekosa. Nimesema mbele ya watu wote nimekosa. Sina cheo tena, sina wale marafiki. Nataka nikuoe, Chaki. Yote nimefanya kwa ajili yako."

Cheko likamwondoka.

"Nikuulize, unijibu ukweli?"

"Uliza."

"Kama mkaguzi angekuwa mwanamke mwingine. Usiyempenda. Ungesimama kusahihisha?"

Jibu tamu lilikuwa pale, alilijua, lilishafika mdomoni. Angelisema, angeoa. Waya alitazama mikono yake yenye makovu ya nyaya, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakupamba neno.

"Nisingesimama," alisema. "Ningeiacha ipite."

Machozi yakamtoka Chaki. Hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda mwanamume huyu dakika ile.

"Asante kwa kutonidanganya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nenda, mpenzi wangu."

"Chaki. Watu hujifunza."

"Najua." Alimnyoosha kola, kwa vidole viwili, taratibu. "Ukijifunza, usije kunionyesha mimi. Nitasikia kwa hao usiowapenda."

Waya akatoka. Chaki alisimama mlangoni mpaka viatu viliponyamaza kwenye ngazi, kisha akaendelea kusimama.