Mabawa ya Aliyepanda Basi

Kila siku masomo yakiisha, Ga-eul, msichana wa miaka kumi na mitatu, alipita kwenye ukumbi wa kompyuta wa Shangazi Mi-suk, nyuma ya stesheni ya treni ya mji wa Mokpo. Alifuta kibodi, akaosha mabakuli ya tambi, kisha akaketi kucheza kwa saa moja aliyoruhusiwa. Kwa siku arobaini, saa hiyo yote aliitumia kuchuma majani ya dawa ndani ya mchezo, bila kupigana hata mara moja, ili kundi lao lipate dawa ya kuliua joka. Ahadi ilikuwa wazi: atakayechuma kuliko wenzake atapewa mabawa.

Alhamisi joka likafa. Tae-gyeom, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa kiongozi wa kundi, akampa mabawa binamu yake, Si-u.

"Si-u?" Ga-eul aliruka kitini. "Huyu si kapanda basi tu!"

Watoto wakaguna. Kwa wachezaji wa huko, kupanda basi ni kubebwa na wenye nguvu huku mwenyewe hufanyi lolote.

"Kiongozi ni mimi," Tae-gyeom alisema. "We mchuma majani, mabawa ya nini? Urukie bustanini?"

Wakaangua kicheko. Si-u alicheka kuliko wote, mdomo umejaa tambi. Mchumia juani hulia kivulini, lakini kivuli cha Ga-eul kilikuwa kimekaliwa na mwingine. Alimchukia Tae-gyeom kwa moyo wake wote, akaapa kwamba atalipiza.

Na njia alikuwa nayo. Wachumaji huingia na kutoka katika ngome ya kundi, kwa hiyo Tae-gyeom mwenyewe alikuwa amempa ufunguo wa lango. Jumamosi, maadui walipokuja kuishambulia ngome yao, Ga-eul alilifungua lango kimyakimya, akakunja mikono.

Mnara wa Tae-gyeom ulianguka kwanza. Lo, utamu ulioje! Ga-eul aliuma midomo asicheke. Kisha moto wa maadui ukafika ghalani, na mtoto wa kiti cha jirani akaanza kulia. Alikuwa Han-byeol, wa miaka kumi, aliyechuma majani pamoja naye siku zote arobaini.

"Dada, ngao yangu! Imeungua! Leo ndiyo ningeishika!"

Naye Si-u? Alikunjua mabawa, akapaa juu ya moto, salama salimini.

"Nani kafungua lango?" Tae-gyeom alifoka.

Ga-eul alimtazama Han-byeol, akasimama. "Mimi."

Zogo likazuka hata Shangazi Mi-suk akatoka jikoni na upawa mkononi. Akataka kuelezwa yote tangu mwanzo.

"Tae-gyeom, uliahidi hukuahidi?"

"Niliahidi, Shangazi."

"Na wewe Ga-eul, ulimlenga nani?"

"Tae-gyeom."

"Umempata nani?"

Han-byeol alikuwa bado anafuta machozi kwa mkono wa sweta.

Siku hiyo hiyo, kwa amri ya Shangazi, Si-u alimpa Ga-eul mabawa, kanuna. Ga-eul aliyashika kwa mara ya kwanza, akayatamani mno, kisha akayabadilisha sokoni mwa mchezo kwa ngao mpya ya Han-byeol. Moyo ulimuuma, lakini alifanya. Tae-gyeom naye aliandika kwa mkono wake karatasi, akaibandika ukutani juu ya sufuria ya tambi: "Abiria wa basi hapewi zawadi ya dereva."

"Tae-gyeom alikula jasho lako," Shangazi alimwambia Ga-eul, "ukalipiza kwa kula jasho la mtoto huyu. Hasira hasara, na hasara haichagui mwenye kosa. Ukidhulumiwa, dai haki yako mbele za watu, mwanangu. Usiidai kwa kufungua lango."

Jumatatu walianza kuchuma upya. Si-u alikuwa wa kwanza kutumwa bustanini. Ga-eul aliona raha kidogo kwa hilo, akamsogezea Han-byeol kiti.